Matuta ya Mwenyekiti

Siku ambayo Baraza la Mji Mdogo wa Lihembe lilimcheka Benadetha Kapinga, yeye hakujibu neno. Alikiweka sawa kitenge chake mabegani, akawatazama wajumbe mmoja mmoja kama mtu anayehesabu waliohudhuria, kisha akatoka nje akiwa amenyooka kama alivyoingia. Waliomfahamu walisema baadaye kwamba afadhali angetukana.

Sababu ya kutukana alikuwa nayo. Lihembe ni mji mdogo ulioko kwenye barabara iteremkayo kutoka Mbinga kwenda ziwani, na miaka ile mji huo uliishi kwa kahawa. Chama cha msingi cha ushirika kilipokuwa na nguvu, kahawa yote ilipita katika ghala moja, na ushuru wa mji ulikatwa palepale bila kelele. Ruhusa ilipotolewa kwa watu binafsi kununua, utaratibu huo ulivunjika. Wanunuzi walikuja na magari yao, wakasimama popote barabarani, wakapima, wakalipa, wakaondoka kabla mtoza ushuru hajamaliza kuvaa viatu. Katika muda wa misimu miwili Baraza halikuweza tena kununua chaki za shule wala kuziba bomba lililopasuka. Ndipo Mwenyekiti wa Baraza, Ladislaus Komba, alipotoa wazo la kujenga soko moja kubwa mahali pa tambarare, ambapo kila anunuaye na kila auzaye angelazimika kupita. Wazo lenyewe halikuwa baya. Benadetha mwenyewe alilisifu, mpaka alipoambiwa tambarare hiyo ni ipi.

Katika nchi ya Wamatengo tambarare si kitu cha kuokota. Ile moja ya Lihembe ilikuwa shamba la marehemu mumewe, Raimundi, chini kabisa ya kilima, penye udongo mweusi uliozaa maharage hata mwaka wa njaa. Baraza lilimwambia kwamba ardhi ni mali ya umma, na kwamba umma umeihitaji. Aliahidiwa mbele ya wajumbe wote kwamba kibanda cha kwanza, pale langoni, kingekuwa chake maisha yake yote, na baada yake cha watoto wake. Benadetha alikubali. Raimundi alikuwa mjumbe wa Baraza hilohilo kwa miaka tisa, naye alimzoeza mkewe kuamini kwamba neno lililosemwa barazani limesemwa.

Soko lilipomalizika, mwezi wa nane mwaka wa tisini na saba, kibanda cha kwanza kilipewa shemeji yake Ladislaus. Kando yake Ladislaus alijenga ghala la bati jipya, kwa kuwa wakati huo alikuwa pia wakala wa kampuni ya kununua kahawa. Benadetha akaenda barazani kuuliza.

"Kibanda kile kimetengwa kwa mtu mwenye mtaji," Ladislaus alimwambia. Hakumwamkia, ingawa alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na mitano, na siku za shule alikuwa amekula ugali mara nyingi jikoni kwake. "Wewe ungeuza nini, Mama? Upepo?"

"Ningeuza maharage, kama nilivyouza kabla wewe hujajifunza kufunga tai."

"Maharage! Mama, huu ni wakati wa soko huria. Rudi kwenye mashimo yako kule juu, utuache tuujenge mji."

Hapo ndipo walipocheka. Aliyecheka zaidi alikuwa mzee mmoja aliyembeba Raimundi siku ya mazishi.

Mashimo aliyoyasema Ladislaus ni ngoro, kilimo cha wazee wa nchi ile. Mwanamume hufyeka nyasi, akazilaza juu ya mteremko katika miraba; mwanamke huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo huo, hata kilima kizima kikafanana na sega la nyuki, mashimo katikati na kingo pande zote, na mazao hupandwa juu ya kingo. Mwanamume humaliza sehemu yake, akaenda zake. Kinachofuata ni kazi ya wanawake peke yao. Hao ndio waamuao ukingo upi uinuliwe na upi ushushwe kwa upana wa kiganja, ili shimo likijaa limwagie jirani yake polepole, na jirani amwagie wa tatu, hata mvua ya siku nzima ifike chini ikiwa imechoka. Mama humwonyesha binti yake akiwa ameshika jembe. Hakuna aliyewahi kuliandika jambo hilo. Wanaume wa Lihembe waliona nyasi na udongo, wakadhani wameona yote. Habari ya maji hawakuambiwa, wala hawakuuliza.

Ladislaus alikuwa mmoja wao. Mwezi wa kumi alipata habari kwamba wakubwa wa mkoa wangekuja mwezi wa kumi na mbili kulifungua soko rasmi. Akasimama langoni, akainua macho, akakiona kilima cha Benadetha nyuma ya mapaa mapya.

"Mlima huu una uso wa ndui," akawaambia wajumbe. "Wageni wataona nini? Mashimo na mbu."

Likapitishwa azimio kwamba mteremko wote ulio juu ya soko ufukiwe ngoro zake na kulimwa matuta ya kisasa, yaliyonyooka, kutoka kileleni hadi chini. Osmund, bwana shamba aliyehamia kutoka upande wa Songea, akaomba kusema.

"Mwenyekiti, matuta hukingama mteremko. Hayashuki nao."

"Yakikingama, mgeni aliyeko barabarani ataona migongo mitupu. Yakishuka ataona mistari. Wewe huoni uzuri wa mistari?"

"Ninaona, Mwenyekiti, lakini maji…"

"Bwana shamba, mimi nimezaliwa hapa. Wewe umeshuka kwenye basi juzi."

Osmund akaketi.

Azimio lililetwa nyumbani kwa Benadetha na mtendaji wa mji. Alilisikiliza akiwa anapepeta maharage, na ungo haukusimama. Mtendaji alipokwisha kusema, Benadetha aliuweka ungo chini, akapanda kilima peke yake mpaka juu kabisa, akageuka. Chini yake, mkabala kabisa, zilikuwa safu za vibanda. Na mwanzo wa safu, pale langoni, mteremko unapobana kama shingo ya mtungi, liling'aa bati la ghala la Ladislaus. Alisimama hapo kitambo, akiyafuata kwa macho maji ambayo bado hayajanyesha.

Aliporudi, mtendaji alikuwa akimsubiri.

"Nitatii," akasema. "Lakini nataka azimio hilo katika karatasi. Liandikwe matuta yashuke kutoka wapi hadi wapi, na kwa amri ya nani. Litiwe sahihi na muhuri."

Mtendaji alipopeleka ombi hilo, Ladislaus alicheka. "Mpeni. Akitaka mihuri miwili, mpigieni miwili. Wazee hawa hupenda karatasi."

Benadetha alianza kazi siku ileile aliyoipokea karatasi. Aliwakusanya wakamwana wake na wanawake wenye mashamba jirani, akawapa majembe, akafunga kamba kutoka kisiki cha juu hadi jiwe la chini ili pasiwe na tuta litakalopinda. Mkamwana wake mkubwa, Edina, alipiga jembe mara chache, akasimama.

"Mama, tukizifukia ngoro zote, maji yatapita wapi?"

"Yatapita pale Mwenyekiti alipoandika."

"Lakini chini kuna watu."

"Edina, wewe umesoma hadi darasa la saba. Soma karatasi, halafu ulime."

Edina akalima. Wote walilima, kwa majuma matatu, na yaliyotoka mikononi mwao yalikuwa matuta yaliyonyooka kama yaliyopigiwa rula. Hapo ndipo Benadetha alipozidisha kile alichoamriwa. Karatasi ilitaka matuta. Haikutaja kina cha mifereji katikati ya matuta. Aliagiza mifereji ichimbwe hadi magotini, na ya pembeni aliielekeza mwenyewe, kwa jembe lake, ikutane na ya katikati. Osmund alipita siku moja, akaangalia kutoka juu hadi chini, uso ukambadilika.

"Mama Benadetha, unajua unachokifanya?"

"Huanza na shikamoo, mwanangu."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ninatii sheria ya Baraza. Na wewe ulikuwapo ilipopitishwa."

Osmund alikuna shavu, akashika njia.

Wageni walikuja kama walivyotarajiwa. Walisimama barabarani, wakavisifu vibanda, na zaidi ya vibanda wakakisifu kilima. Ladislaus alimwita Benadetha mbele ya watu, akamtaja kuwa mama wa mfano aliyeacha mambo ya kale. Watu wakampigia makofi. Benadetha aliinamisha kichwa kidogo.

Kulikuwa na mtu mmoja tu sokoni ambaye Benadetha hakumtakia baya. Huyo alikuwa Getrude, mwanamke wa Kinyasa, Mwanglikana wa Liuli, ambaye kwa miaka zaidi ya ishirini alipanda kila juma kwa lori na magunia ya usipa, wale dagaa wa ziwani, na kila alipopanda alilala nyumbani kwa Benadetha. Walikuwa wametaniana hata watoto wao walidhani ni ndugu. Getrude alikuwa amepata kibanda katikati ya soko, naye alikipenda kupita kiasi. Mwanzoni mwa mwezi wa kwanza, mvua zile ambazo redio iliziita El Nino zilipokuwa zimekwisha kuivimbisha mito yote, Benadetha alimwambia wakiwa wanakula:

"Magunia yako yalete hapa kwangu. Usiyaache sokoni."

"Nyumbani mwako kuna panya wa mlimani. Wamechoka kula maharage, wakiona usipa watafanya sherehe."

"Getrude, sitanii."

"Basi niambie sababu. Kibanda kina kufuli, kina sakafu ya saruji. Na safari hii sikubeba mali yangu peke yangu. Nina magunia ya nyumba tano za Liuli. Wamenikabidhi kwa kuwa nina mahali. Niwaambie nimeyahamishia kwa Mmatengo jikoni?"

Benadetha alikata tonge, akalichovya, akalitafuna polepole. Angeweza kusema. Lakini Getrude alikuwa na mdomo wa sokoni. Lililoingia sikioni mwake asubuhi lilifika langoni kabla ya saa sita, na hapo Ladislaus angepata siku za kuwaleta watu kuifukia ile mifereji.

"Unyevu," akasema. "Nilikuwa nafikiria unyevu tu."

"Unyevu!" Getrude akacheka. "Nimezaliwa ziwani, unaniogopesha kwa maji?"

Mvua kubwa ilinyesha Alhamisi ya juma lililofuata, saa tisa alasiri, baada ya siku tatu za manyunyu yasiyokoma. Benadetha alikuwa barazani kwake, pembeni ya kilima, akimenya mahindi. Aliona mifereji ikibadilika rangi, kwanza mmoja mmoja, kisha yote kwa pamoja. Ikawa myekundu, ikawa inakwenda, ikaanza kunguruma. Matuta yaliyokuwa yamepigiwa makofi yalimegeka na kuondoka na mahindi yake machanga. Kile chote ambacho ngoro zingekigawa katika mashimo elfu kilishuka kwa njia moja, kikajibana katika ile shingo ya mteremko, kikalipiga ghala la Ladislaus ubavuni.

Ghala halikuanguka, lilisogea. Kisha ukuta ukafunguka na kahawa ikatoka, magunia kwa magunia, kahawa ambayo Ladislaus aliificha tangu mwezi wa tisa akingoja bei ipande, ikaelea kidogo na kuzama katika tope. Ladislaus mwenyewe alionekana akikimbia huku na huku kwa soksi, akiwaita wachukuzi waje wamsaidie. Wachukuzi walikuwa wamesimama juu ya ukuta wa choo, wala hakuna aliyeshuka. Benadetha aliyaona yote. Furaha iliyompata ilikuwa ya moto, ya kweli, wala hakujaribu kuizuia. Aliendelea kumenya mahindi.

Tope halikusimama langoni. Lilivifuata vibanda kimoja baada ya kingine. Haikuwa siku ya gulio, na hakuna aliyekufa. Lakini lilipotulia, sakafu ya saruji ya Getrude ilikuwa chini ya udongo uliofika kiunoni, na magunia ya nyumba tano yalikuwa chini yake.

Kesho yake asubuhi Ladislaus alikuja kwa Benadetha. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Karibu kigoda."

Aliketi. Akauzungusha ukingo wa kofia mara mbili, tatu.

"Mama, watu wa wilaya wanakuja Jumatatu kuuliza. Ile karatasi… ingefaa isionekane. Tutasema ni mvua. Na kweli ni mvua. Kibanda cha kwanza, tukijenga tena, naapa kitakuwa chako."

"Na shemeji yako?"

"Nitamwondoa."

"Kama ulivyoniondoa mimi?"

"Mama, mimi nilikula jikoni kwako."

"Ndiyo. Nilidhani umesahau." Benadetha aliinuka, akamletea chai, akaketi kumtazama akinywa mpaka akamaliza. "Nenda nyumbani, Ladislaus. Nimekusikia."

Alitoka akiwa na tumaini. Ndivyo Benadetha alivyotaka atoke.

Jumatatu ukumbi wa shule ulijaa hata madirishani. Ladislaus, akiamini kwamba karatasi imelala, alijitetea kwa sauti kubwa: mvua ilikuwa ya ajabu, na isitoshe wanawake wa juu walilima vibaya, kwa ukaidi, kwa kuwa hawakupenda maendeleo. Maneno hayo yalipokwisha tu, Benadetha aliomba ruhusa ya kusema. Hakumpa mtu mwingine karatasi aisome. Alikuwa amesoma kwa masista, darasa la nne la zamani, na alisoma kwa sauti ya darasa hilo, akiupa kila mkato haki yake: matuta yaliyonyooka, kutoka kileleni hadi chini, kwa amri ya Mwenyekiti, na yeyote atakayekaidi atashitakiwa. Akataja tarehe, akataja sahihi, akauinua muhuri watu wauone.

"Bwana shamba alikataa," akaongeza. "Aulizwe."

Osmund aliulizwa. Akasimama, na safari hii hakuketi mpaka alipomaliza.

Wajumbe waliomcheka Benadetha mwezi wa nane ndio waliokuwa wa kwanza kuinua mikono Ladislaus aondolewe. Yule mzee aliyembeba Raimundi aliinua miwili, akaambiwa ashushe mmoja. Kampuni ya kahawa ilimnyang'anya uwakala. Baraza liliamua soko lihamishiwe ng'ambo ya barabara, mbali na kilima, na tambarare irudishwe kwa mwenyewe ikiwa na tope lake. Lililobaki ni ushuru wa mji, ambao sasa ungechelewa mwaka mwingine, na bomba lililokuwa bado likimwaga. Mambo hayo waliachiwa wengine.

Getrude alimkuta Benadetha akipima tambarare kwa hatua. Alikuwa amekwisha kuichimba sakafu ya kibanda chake kwa siku nne, akapata mizani na kufuli.

"Mwenzangu," alisema, "nilikuwa ukumbini. Niliisikia karatasi. Nataka kukuuliza neno moja tu. Siku ile ulipotaka niyahamishe magunia, ulijua?"

Benadetha angeweza kutaja unyevu tena.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hatujalima tuta la kwanza."

Getrude alitikisa kichwa taratibu. Hakupandisha sauti, jambo ambalo Benadetha hakuwahi kuliona kwake kwa miaka yote ile. "Nyumba tano, Benadetha. Mmoja wao ni mjane kama wewe. Nitamwambia nini? Kwamba kulikuwa na mtu uliyetaka kumwangusha, nasi tulikuwa njiani?"

"Ningekuambia, ungesema, Getrude. Ungelisema sokoni."

"Ningelisema, ndiyo. Na magunia yangekuwa mazima."

Alijitwika mizani yake akashika barabara. Juma lililofuata lori la Liuli lilipita Lihembe bila kupunguza mwendo, Getrude ameketi mbele, macho yakitazama Mbinga.

Jumapili hiyo kanisa lilijaa. Ladislaus, ambaye zamani aliketi benchi la mbele na wakubwa, alikuwa nyuma karibu na mlango. Padre alipowaalika watu watakiane amani, Ladislaus alitoka alipokuwa, akapita katikati ya watu wote, akaja mpaka kwenye benchi la Benadetha. Alikuwa amekonda. Akanyoosha mkono.

"Amani ya Kristo, Mama."

Watu wote waligeuka kutazama. Edina alimgusa mama mkwe wake kiwiko. Benadetha aliutazama mkono ule. Aliona kwamba mtu huyu amemgharimu shamba, amemgharimu kilima ambacho kingehitaji miaka kurudisha udongo wake, na sasa amemgharimu Getrude. Na hata kama ni yeye mwenyewe aliyeichagua njia ya malipo, hakuwa tayari kumpunguzia mtu huyu hata kidogo. Akaiacha mikono yake kifuani, vidole vimeshikana, akamkazia macho mpaka Ladislaus akaushusha wake.

Kwaya ilianza Mwanakondoo. Wenzake walipopanga mstari kwenda kukomunika, meza ambayo mwenye kinyongo haisogelei, Benadetha aliipinda miguu yake pembeni ili wapite, naye akabaki ameketi.